BONDIA MKUBWA HUPIMWA KWA MIZANI IPI?

Asubuhi moja, ndani ya meli itokayo Nansio kuja Mwanza, vijana walikuwa wakibishana juu ya ndondi. Swali lao lilikuwa moja: je, bondia aliyetwaa ubingwa katika madaraja mengi ya uzito ndiye mkubwa kuliko yule aliyetawala daraja moja maisha yake yote? Kijana mmoja alishika upande wa hesabu. Kwake, mwenye madaraja matatu amemshinda mwenye daraja moja kabla hata ya kengele kulia, maana tatu ni zaidi ya moja na hapana elimu nyingine inayohitajika.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia yake ya dagaa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza: "Mjukuu wangu, mtu akikuletea ndoo kumi za dagaa wenye mchanga, ukizipepeta utabaki na ndoo ngapi?" Watu wakacheka. Halafu wakanigeukia mimi, kwa kuwa wananijua kwa kazi yangu ya chama. "Katibu, nawe unasemaje?"

Sikuwajibu. Nilisingizia simu. Ukweli ni kwamba pale dirishani alikaa kijana mwingine ambaye hakucheka wala hakubishana. Alikuwa amevaa makoti mawili katika joto la mchana, na kila baada ya muda alitema mate katika chupa tupu aliyoishika mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa bondia. Alikwisha kushinda mkanda mdogo katika uzito wake wa kawaida, na sasa alikuwa anakwenda mjini kugombea mkanda wa daraja la chini yake, ili awe bingwa wa madaraja mawili. Zilikuwa zimebaki kilo mbili na usiku mmoja. Yule mzee alimmiminia uji katika kikombe. Kijana alimwamkia kwa heshima, akakirudisha. "Kesho, babu, nikishapima."

Nilinyamaza kwa sababu makoti yale nilimvalisha mimi. Miezi michache nyuma, katika mkutano wa hadhara kijijini, nilimsimamisha mbele ya wananchi na kusema kwamba mkanda mmoja ni mwanzo tu, alete na wa pili, nasi tutampokea bandarini kwa ngoma. Wananchi walipiga makofi. Yeye aliyachukua maneno yale kuwa agizo.

Mizani ilimkubali. Siku ya pambano, katika raundi ya tatu, miguu ilimkatalia. Sikuona ngumi nzito iliyomwangusha. Nilimwona akitazama kona yake kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani. Alilazwa siku mbili akitiwa maji mshipani, na mkanda ulikwenda kwa mwenziwe. Tangu siku ile nina deni la jibu kwa abiria wale, nami naona ni wajibu wangu kulilipa katika safu hii.

Tuanze na asili ya jambo. Madaraja ya uzito hayakuwekwa ili watu wapate vitu vya kuhesabu. Yaliwekwa ili mtu mnene asimwumize mwembamba, na ili ustadi ushindane na ustadi. Kwa maneno mengine, mizani katika ndondi ni chombo cha haki na ni chombo cha uhai. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa maana ya kipimo kilichowekwa kwa ajili ya uhai. Tarehe 21 Mei 1996 na tarehe 20 Septemba 2018, siku za MV Bukoba na MV Nyerere, hazijatutoka moyoni. Kadhalika sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema Sura ya Mutaffifina na onyo lake kwa wanaopunja vipimo. Kwa hiyo mtu anapoigeuza mizani kuwa ngazi ya sifa, hana budi kwanza atuambie kwamba kipimo chenyewe kimebaki salama.

Hakikubaki. Mwaka 1938 Mmarekani Henry Armstrong alishika kwa wakati mmoja ubingwa wa dunia wa madaraja matatu: uzito wa unyoya, uzito mwepesi na uzito wa welta. Zama hizo madaraja yaliyozoeleka yalikuwa manane. Tangu kikomo cha unyoya, ambacho ni kilo 57 na ushei, hadi kikomo cha welta, ambacho ni karibu kilo 67, Armstrong alikutana na madaraja matatu tu, naye akayachukua yote. Leo mwendo huohuo una madaraja matano, kwa kuwa mengine yamepachikwa katikati. Kwa jumla madaraja ya wanaume wanaolipwa yanayokubaliwa na wengi ni 17, na vyama vikubwa vinavyotoa mikanda ya dunia ni vinne. Mtoto wa darasa la nne atakwambia kuwa 17 mara nne ni 68. Hapo hatujavihesabu vyama vidogo, ambavyo navyo huita mikanda yao ya dunia. Basi mtu anayesema "madaraja matatu" ya mwaka 1938 na "madaraja matatu" ya leo kana kwamba ni kitu kimoja, anafanana na mfanyabiashara anayelinganisha bei ya mwaka huu na ya zamani bila kuuliza shilingi imefanywa nini katikati.

Hata hivyo sitaki kuwadhulumu wanaohesabu. Kupanda uzito ni mtihani wa kweli. Mwili unaongezeka na kasi inapungua, na mpinzani anayekungoja amezaliwa na mifupa mizito kuliko yako. Mfilipino Manny Pacquiao alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa inzi mwaka 1998, yaani chini ya kilo 51, na mwaka 2010 akatwaa mkanda katika daraja ambalo kikomo chake ni karibu kilo 70. Hayo ni madaraja manane, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayeyaita mchezo. Lakini hata katika pambano lile la 2010 dhidi ya Antonio Margarito, makubaliano yalikuwa kwamba wote wawili wasizidi ratili 150, ilhali daraja lenyewe linaruhusu 154. Mkanda ulikuwa wa daraja moja na mizani ilikuwa ya mkataba. Namtaja Pacquiao kwa heshima zote, ili ionekane kwamba hata hesabu ya mkubwa inataka kupepetwa.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi uko ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, nchi tunayochota nayo maji ya chungu kimoja. Nchi ile ilitoa mabondia wawili ambao kila mmoja, kwa wakati wake, alikuwa upande wa pili wa swali hili.

Wa kwanza ni Ayub Kalule. Mwaka 1974 alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa katika mashindano ya Havana. Baadaye alihamia Denmark akawa bondia wa kulipwa, na tarehe 24 Oktoba 1979, katika mji wa Akita huko Japani, alimshinda Masashi Kudo akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati mwepesi, wa chama cha WBA. Hakuwahi kushindwa katika ngumi za kulipwa mpaka tarehe 25 Juni 1981, huko Houston, Marekani. Siku hiyo alisimama mbele yake Sugar Ray Leonard, bingwa wa uzito wa welta, ambaye alipanda daraja makusudi kutafuta mkanda wa pili. Leonard alimsimamisha Kalule katika raundi ya tisa.

Je, mkanda ule wa pili ulimwongezea Leonard ukubwa? Nasema ulimwongezea, na sababu yake ni Kalule. Leonard alimfuata bingwa asiyepata kushindwa, mwenye nguvu, anayepigana kwa mkono wa kushoto, katika uzito wa bingwa huyo mwenyewe. Thamani ya mkanda ule ilitokana na mtu aliyekuwa ameufunga kiunoni.

Sasa mlinganishe Leonard huyohuyo na usiku wa tarehe 7 Novemba 1988, huko Las Vegas. Alipigana na Donny Lalonde wa Kanada, bingwa wa uzito wa juu mwepesi, daraja ambalo kikomo chake ni ratili 175. Mkataba ulimtaka Lalonde asizidi ratili 168. Kwa kuwa 168 ndicho kikomo cha daraja jipya lililokuwa limeanzishwa chini yake, chama kiliweka mikanda yote miwili mezani. Leonard aliangushwa mara moja, akainuka, akamsimamisha Lalonde katika raundi ya tisa, akaondoka na ubingwa wa madaraja mawili kwa jasho la usiku mmoja. Ushujaa wa kuinuka simnyimi. Lakini anayehesabu atauandika usiku ule mara mbili, na usiku wa Kalule mara moja. Hapo ndipo hesabu inapotupotosha, maana imempa Lalonde uzito maradufu ya Kalule bila kuwatazama watu wenyewe.

Bondia wa pili ni John Mugabi. Katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 alipata medali ya fedha, uzito wa welta. Michezo hiyo wazee wetu wanaikumbuka kwa sababu nyingine pia. Mwezi Februari mwaka huohuo Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter atushawishi tusiende Moscow. Serikali yetu ilikataa, na Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tulikwenda, na tukarudi na medali mbili za fedha: ya Filbert Bayi, na ya Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, pwani inayotazamana na Ukerewe. Na Ali yule, ambaye hata waliokataa ujumbe wake hawakuukataa ukubwa wake, hakupata kuwa bingwa wa dunia ila katika daraja moja tu, la uzito wa juu. Kama idadi ya madaraja ndiyo kipimo, basi Ali ni mdogo. Namwachia msomaji ahukumu kama kipimo cha namna hiyo kinafaa.

Turudi kwa Mugabi. Alipokuwa bondia wa kulipwa, wapinzani wake wote wa miaka ya mwanzo aliwamaliza kabla ya muda, wengi wao katika uzito wa kati mwepesi. Tarehe 10 Machi 1986 alipanda daraja kumkabili Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati. Hagler alitwaa ubingwa mwaka 1980, akautetea mara 12, wala hakutafuta ubingwa wa daraja lingine lolote. Alikaa katika uzito wake kama mlinzi langoni, na kila aliyetaka kupita ilibidi aje kwake. Mugabi alikuja. Kwa raundi kumi walipigana pambano ambalo wapenzi wa ndondi hawajaacha kulisimulia, na katika raundi ya 11 Mugabi alianguka asiinuke mpaka hesabu ikaisha.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Julai 1989, Mugabi alipata hatimaye mkanda wa dunia, wa WBC, katika uzito wa kati mwepesi. Alipigana huko Ufaransa na bingwa René Jacquot. Katika raundi ya kwanza Jacquot alitegua kifundo cha mguu, akashindwa kuendelea. Mkanda ukawa wa Mugabi. Tarehe 31 Machi 1990 Terry Norris alimnyang'anya, nako kulikuwa katika raundi ya kwanza.

Ndugu msomaji, uliza swali dogo tu. Mugabi anakumbukwa kwa usiku upi: ule aliopewa mkanda kwa mguu wa mwenziwe uliotegua, au ule alioshindwa na Hagler? Jibu unalijua. Daftari la mikanda limeandika usiku wa Ufaransa kuwa faida na usiku wa Las Vegas kuwa hasara. Watu wameandika kinyume chake, na watu ndio waliosema kweli. Ukubwa wa bondia unaonekana kwa mtu aliyemkabili, katika uzito uliokuwa wa haki kwa wote wawili, na kwa alichokifanya mambo yalipokuwa magumu. Idadi ya madaraja ni shahidi mmojawapo katika kesi hiyo. Ana haki ya kusikilizwa na kuulizwa maswali, lakini kiti cha hakimu si chake.

Historia yetu wenyewe inakubaliana na maneno haya. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati, akapata medali ya fedha. Aliyemshinda alikuwa John Conteh wa Uingereza, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwepesi. Fedha ya Simba ilikuwa na mtu ndani yake. Mwaka 1998, Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alituletea dhahabu ya uzito wa bantam, daraja moja, akatosha. Na tarehe 8 Septemba 2018, Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa kwa taarifa ya muda mfupi kupigana na Sam Eggington nyumbani kwake, akamsimamisha katika raundi ya pili. Nchi nzima ilishangilia, na ushindi ule ukatajwa kuliko mikanda mingi iliyovaliwa katika kumbi zetu.

Kutokana na hayo, nina maneno machache kwa ndugu zangu viongozi wa wilaya na mikoa ya kanda hii, na mimi nikiwa wa kwanza kuambiwa.

Kwanza, tuache kuwasifu vijana kwa idadi. Kiongozi anapopewa kipaza sauti na kusema "lete mkanda wa pili", hajui kijana aliye mbele yake ataulipa kwa nini. Nimekwisha kusema nililipiwa kwa nini. Tuulize badala yake: umepigana na nani, na umejifunza nini kwake?

Pili, tuzitazame mizani zenyewe. Mizani ya samaki katika mwalo wa Kirumba hukaguliwa na Wakala wa Vipimo ili mvuvi asipunjwe. Mizani inayopima mwili wa mtoto wa mvuvi huyohuyo istahili uangalifu usiopungua huo. Aidha mabondia wa kulipwa hupima siku moja kabla ya pambano, na desturi hiyo ndiyo inayowafanya vijana wajikaushe leo wakitumaini kujijaza kesho. Mwili hauna haraka hiyo. Daktari na awepo siku ya kupima pia, akiwa na mamlaka ya kumzuia kijana aliyekauka hata kama mizani imemkubali.

Tatu, Baraza la Michezo la Taifa limekuwapo kwa sheria tangu mwaka 1967, na ngumi za kulipwa sasa zina kamisheni yake ya kuzisimamia. Maofisa wetu wa michezo visiwani wasingoje barua. Kila kijana apewe daftari lenye uzito wake wa mazoezi, mwezi kwa mwezi, na promota atakayetaka kumpiganisha katika uzito mwingine aonyeshwe daftari hilo kwanza na atoe sababu zake. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Nne, na hili ni la vijana wenyewe. Kupanda daraja kwa kuwa mwili umekomaa na kuna mtu wa maana juu yako ni jambo la kiume. Kushuka kwa njaa ili uokote mkanda usio na mwenyewe si jambo la kiume, hata mkanda ukiwa unameta namna gani. Hagler alingoja mahali pake miaka yote ile, na waliotaka kujua kama ni wakubwa walimfuata.

Yule kijana wetu amerudi katika uzito wake. Asubuhi hupiga gunia lake chini ya mwembe, na jioni humsaidia baba yake kuanika dagaa. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Baba yake alinikaribisha, akanisikiliza, kisha akasema kwamba maneno ya mkutanoni yalisemwa mbele ya watu wote, na radhi nayo inafaa isikike na watu wote. Ameipata hapa.

Na wale abiria walioniuliza melini wamelipata jibu langu. Nikikutana tena na bondia katika safari ile, sitamwuliza ana mikanda mingapi wala ya madaraja gani. Nitamwuliza amepigana na nani, na kabla ya hapo nitamwuliza kama amekula.